Kisiwa Hakijalala, Kina Wenyewe

Ndugu Mhariri,

Poleni na kazi. Mimi si mtu wa kuandikia magazeti. Nauza sambaza, wale dagaa wa ziwa Kivu, katika soko la Kadutu tangu mwaka 1989, na kalamu yangu imezoea daftari la madeni. Lakini mlichapisha barua ya kijana mmoja wa hapa Bukavu aliyesema visiwa vidogo vya ziwa letu "vimelala bure", eti tukate vichaka, tujenge payoti, yaani vibanda vya starehe, tupandishe bia na spika, watalii waje. Kijana anaandika vizuri, na uchungu wake wa kukosa kazi naujua, maana ninao wawili wa umri wake nyumbani. Ila alikitaja kisiwa kimoja kwa jina, kile cha mawe ambacho hata shina la muhogo hakina. Mimi sitakitaja. Nikikitaja tena, kesho mitumbwi itapanga foleni pale.

Namjibu kwa sababu mimi mwenyewe nimewahi kuwa mtalii wa kisiwa. Cheka tu, Mhariri. Wenzangu sokoni walicheka kabla yako.

Ilikuwa Julai 2023. Binti yangu wa tatu anakaa Portland, katika jimbo la Maine, Marekani, mji wenye Wakongo wengi hata siku ya pili tu tangu nifike nilikuwa nimeshakula sombe, kisamvu chetu. Alikuwa amejifungua, nikaenda kumsaidia kulea. Wiki ya tatu akaniona nasimama dirishani bila kusema kitu. Akamwambia mume wake, "Mama anakosa ziwa." Mkwe wangu ni mtu wa maneno machache. Akasema Jumamosi atatupeleka kisiwani, nikaone bahari.

Nikajiandaa kama mtu wa Bukavu anavyojiandaa kwenda majini: ndizi za kukaanga, pilipili kwenye kichupa, kitenge kipya. Picha niliyokuwa nayo kichwani ni ileile ya kijana wenu. Nilijua nitakuta muziki, nyama ya kuchoma, watu wanaogelea na wengine wanagombana.

Tukaenda zaidi ya saa nzima kuelekea kusini, tukaingia jimbo la Massachusetts, tukapita mji mdogo wa matofali mekundu uitwao Newburyport, kisha daraja, na ng'ambo ya daraja ndipo kisiwa chenyewe, Plum Island. Ni kirefu na chembamba kama kamba ya kuanikia nguo, kilomita 18 hivi, mchanga mtupu ulioshikwa na nyasi na vichaka. Upande mmoja ni bahari ya Atlantiki, upande mwingine kinamasi cha maji ya chumvi. Sehemu kubwa ya kisiwa ni hifadhi ya ndege iitwayo Parker River, na serikali yao iliitenga mwaka 1941. Fikiria mwaka huo, Mhariri. Dunia nzima ilikuwa inapigana, na kuna mtu aliketi ofisini akatia sahihi ili bata wa porini wapate pa kupumzikia.

Langoni tukalipa dola 5 kwa gari. Wakatupa karatasi yenye makatazo. Mbwa haruhusiwi. Usichume kitu. Usipande juu ya vilima vya mchanga. Binti yangu akanitafsiria yote hadi mwisho, nami nikasema moyoni, kumbe tumelipa ili tukatazwe.

Kisha tukafika ufukweni, na ufukwe umefungwa.

Nasema umefungwa kwa kamba. Hakukuwa na ukuta, hakukuwa na askari mwenye bunduki. Kamba tu, vijiti, na vibao vya maandishi. Mchanga mweupe usioisha, jua kali la Julai, mawimbi yanaita, na watu wamesimama nyuma ya kamba kama ng'ombe waliofundishwa. Mkwe wangu alikuwa na mpira kwapani. Akaurudisha garini kimyakimya. Nikamwambia binti yangu kwa Kiswahili, kwa sauti, "Hata kwetu wanaofunga njia huwa na sababu. Hawa wana sababu gani?"

Pembeni ya kamba alikuwapo mzee mmoja wa Kizungu, kofia pana, kiti cha kukunja, na darubini kubwa juu ya miguu mitatu. Sisi tunasema jumele, lakini yake ilikuwa na jicho moja na ndefu kama bomba. Akaona kitenge changu, akasimama kunisalimia, akanionyesha niweke jicho.

Sikuona kitu. Mchanga. Nikasema mchanga. Akasema subiri. Nikasubiri. Ndipo mchanga ukatembea.

Kalikuwa kandege, kama tunavyosema huku kwetu. Rangi yake ni mchanga mkavu kabisa, ana mstari mweusi shingoni kama mkufu, na miguu ya machungwa. Wao wanamwita plova, na kwa kuwa analia kama mtu apigaye mluzi taratibu, wamemwongezea jina la mluzi. Uzito wake gramu 50 na kitu, yaani yai moja la kuku. Anataga mayai 4 juu ya mchanga wazi, katika kishimo ambacho mtoto wa miaka mitatu angekichimba kwa kisigino. Yai linafanana na kokoto. Unalikanyaga, unaendelea na hadithi yako, wala hujui umeua.

Baadaye kidogo nikaona watoto wake wawili. Mwanzoni nilidhani ni povu la wimbi linalokimbia kinyume na upepo. Mzee akaniambia wanakimbia siku ileile wanayoanguliwa, lakini kuruka hawawezi mpaka wiki nne hivi zipite. Kwa hiyo ufukwe hufungwa kuanzia tarehe 1 Aprili, na vipande hufunguliwa kimoja kimoja kadiri watoto wanavyopata mbawa, kuanzia Julai, na mara nyingi hadi Agosti. Yaani majira yote matamu ya kuogelea, katika nchi ambayo joto ni la miezi mitatu.

Kunguru akapita chini. Mama yao akaanza kujiburuta mchangani, bawa moja limelegea kama limevunjika, akimvuta kunguru aende mbali. Hapo nikacheka peke yangu. Kwale wa shambani kwa marehemu mama yangu, huko kijijini Kabare, alinidanganya hivyohivyo nikiwa na miaka saba. Nilimfuata hadi bondeni, nikarudi mikono mitupu, nikachapwa kwa kuacha mbuzi.

Nikamwuliza yule mzee kupitia binti yangu, "Papa, nani anakulipa kukaa hapa juani?" Binti yangu alisita kutafsiri, akaona aibu. Nikamwambia tafsiri. Mzee akajibu hakuna anayemlipa. Wako wengi wa kujitolea, wanapokezana zamu. Kazi yake ni kuwaeleza watu kwa nini kamba iko pale, na kuwaomba wasipite. "Na wakipita?" Kuna walinzi wa serikali na kuna faini. "Na watu wote wanakubali?" Hapo akacheka hadi kofia ikasogea. Akasema wapo waliobandika maandishi nyuma ya magari yao kwamba ndege huyu ana ladha ya kuku.

Nililipenda jibu hilo kuliko yote. Ningeambiwa Wazungu wote wanapenda ndege, nisingeamini, na barua hii nisingeiandika. Mzee hakuficha. Akaniambia babu zao waliwapiga ndege wa pwani kwa bunduki wakawauza sokoni kwa mapipa, na manyoya ya ndege wengine yakawa mapambo ya kofia za wanawake, mpaka sheria ya mwaka 1918 ikakataza. Plova wakapona bunduki, wakakutana na nyumba za ufukweni, magari ya mchangani, mbwa, na watu kama mkwe wangu na mpira wake. Mwaka 1986 serikali ikawaweka kwenye orodha ya viumbe walio hatarini. Wakati huo jimbo zima la Massachusetts halikuwa na jozi 200. Leo zimepita 1,000. Nikauliza ni dawa gani waliyotumia. Akanyoosha kidole kwenye kamba.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nisilale.

Baada ya hapo tulitembea njia ya mbao inayopita juu ya kinamasi na ndani ya vichaka. Kabla ya kuingia walituonya kuhusu kupe, kwamba wa kule wanaleta ugonjwa mbaya. Binti yangu akavua soksi zake, akanivalisha, akachomeka ncha za kitenge ndani. Kama kuna mtu ana picha hiyo, naomba aifute. Halafu kukawa na pange wenye macho ya kijani, wanauma kama sindano, na huko kwenye nyasi wamewawekea masanduku meusi ya kuwanasa. Nikajipiga mapaja njia nzima. Kwa hiyo kijana wangu, usifikiri nilikuwa peponi.

Lakini nikapanda mnara wa mbao, nikatazama chini. Maji yalikuwa yameondoka. Kwa mtu wa ziwa hilo ni jambo la kutisha. Kivu hupanda na kushuka kidogo kidogo kwa miezi, lakini kule maji huondoka mara mbili kwa siku, zaidi ya mita mbili kwenda chini, yakaacha mitumbwi imeinama kwenye tope kama walevi. Na juu ya tope lile, ndege weupe, wengi, shingo ndefu, wanatembea kwa madaha. Nikapiga kelele, "Yangeyange!"

Tuliporudi nikamweleza yule mzee. Akasema wale ni ndugu zao, yangeyange wa Marekani, wa aina nyingine. Lakini huyo wa kwenu afuataye ng'ombe, akasema, naye alikuja. Nikamwambia binti yangu aulize vizuri. Akarudia: yule mdogo mweupe wa Afrika alivuka Atlantiki kwa mbawa zake mwenyewe mwishoni mwa karne ya 19, akatua Amerika ya Kusini, akapanda polepole kuelekea kaskazini, na mwaka 1952 akaonekana na kuthibitishwa hapo hapo Massachusetts, miongoni mwa wa kwanza Marekani nzima.

Mhariri, unajua mtu wa Bukavu anavyopata viza? Mimi nilinyimwa mara ya kwanza. Nilisafiri hadi Kinshasa mara mbili, nikauza shamba dogo, nikajibu maswali kuhusu jiko langu. Na huyu ndege, ambaye nilimfukuza kwa mawe tangu utotoni, alikuwa amefika kule kabla sijazaliwa, bila kuulizwa lolote. Niliketi kwenye ngazi ya gari nikala ndizi zangu zilizopoa. Mkwe wangu akadhani nimechoka.

Sijasema bado juu ya pesa, na kijana wenu ndiyo hoja yake. Haya. Pale hifadhini hapana baa. Hapana hata duka la soda niliyoiona. Kuna vyoo, njia, minara, na ndege. Na bado siku za joto magari hujaa hadi wanafunga lango, wengine wanageuzwa. Tukatoka na njaa, tukaingia mjini Newburyport, tukala samaki wa kukaanga kwa bei ambayo sokoni kwangu ningepata mabeseni matatu ya sambaza. Mezani pembeni yetu kulikuwa na watu wenye darubini shingoni. Kwa hiyo pesa ipo, lakini inaliwa mjini. Kisiwani hapajengwi kitu, ndiyo maana watu wanakuja, na wakishakuja wanalala na kula ng'ambo ya daraja. Payoti yako, mwanangu, ijenge huku ufukweni kwetu. Mimi nitakuletea sambaza wa kukaanga kwa mkopo. Ila usiijenge pale.

Maana pale kuna wenyewe. Mnandi weusi wanatagia juu ya miti ile iliyokauka kwa mavi yao, yangeyange wanalala chini yao, mdiria anachimba kwenye kingo za udongo, na jioni ukipita na boti unasikia kelele kama soko likifungwa. Nimepita kando ya kisiwa kile kwa zaidi ya miaka thelathini nikienda kuchukua mzigo. Kwa macho yangu, mvua za Septemba zikikolea ndipo viota vinajaa. Mwaka jana nilihesabu miti mitatu yenye viota, ambayo zamani ilikuwa saba au nane. Vijana wanakwenda na ndoo, wanashusha mayai, wanauza franka 500 moja. Wanasema ni dawa ya nguvu za kiume. Kama ingekuwa dawa, Bukavu ingejulikana.

Sijitakasi. Mimi nimeyanunua mayai hayo, katika miaka ile ya 1990 ambapo mtu alikula alichokipata. Na mnandi nimewatukana sana, maana wanakula sambaza, na mwewe wanawanyakua nikiwaanika. Lakini sambaza wenyewe ni wageni ziwani. Wazee wanajua kwamba waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Mnandi walikuwa hapa kabla yao na kabla ya biashara yangu. Kama kuna mtu wa kulalamika juu ya mwingine, sijui kama ni mimi.

Wavuvi wataniambia kufunga mahali ni jambo la Wazungu. Si kweli, nao wanajua. Ng'ambo, upande wa Rwanda, kila mwaka hufunga uvuvi wa Kivu kwa miezi miwili hivi ili samaki wazae. Ng'ambo wakifunga, bei inapanda hata kwangu Kadutu, nami natukana, halafu wakifungua sambaza ni wanene. Kila muuzaji anaijua hesabu hiyo. Ninachoomba mimi ni kidogo kuliko hicho. Sizungumzii ziwa, wala visiwa vya Idjwi na Ibinja vyenye watu na mashamba. Kisiwa kimoja cha mawe, kisichotosha hata uwanja wa mpira, miezi mitatu, mtu asishuke. Boti zipite mbali, muziki uzimwe wakati wa kupita, na mayai yasishushwe.

Najua neno lililoko kinywani mwa wasomaji: Mama, watu wanakufa, na wewe unaongea habari za ndege. Nimelisikia tayari kutoka kwa mwanangu mwenyewe, mezani. Sikumjibu vizuri siku hiyo. Mwanangu, mimi nimezika. Nimezika mume, nimezika kaka wawili, na wengine nimewaombea bila kuona kaburi. Hakuna vita hata kimoja kilichosimama kwa sababu tulikula mayai ya mnandi. Na siku ambazo sikuwa na nguvu ya kuinuka, nilisimama bandarini saa kumi na moja alfajiri nikisubiri mitumbwi ya usiku irudi na taa zao, na ndege wale walikuwa wanaanza kutoka kisiwani, mstari mmoja mweusi juu ya maji. Sijui kueleza zaidi ya hapo. Nilinunua sambaza nikaenda kuuza.

Nina jambo moja pia kwa wakubwa wa mji, niliseme haraka kwa sababu limeshasemwa na wengine: chupa na mifuko tunayotupa kwenye mifereji inashuka ziwani, inafika kwenye bwawa la umeme la mto Ruzizi, inaziba mitambo, na tunakaa gizani. Mwaka jana nilikuta kiota kwenye kisiwa kile kimefumwa nusu kwa nyuzi za mfuko wa plastiki wa bluu. Kilikuwa na yai moja.

Sasa kamba. Nimeshainunua. Mita 60, ya nailoni ya manjano, iko nyuma ya mlango wangu, na wajukuu wameshakatazwa kuirukia. Vibao mkwe wangu alinichorea akanitumia kwa simu, nami nimemwomba fundi mmoja wa Kadutu avipake rangi kwa Kiswahili na Kifaransa. Maneno ni machache: "Wanalea. Pita mbali." Nimezungumza na manahodha wawili wa mitumbwi ya mota. Mmoja amekubali, mwingine amesema atakubali nikimfutia deni lake, na deni nimelifuta. Bado nahitaji watu sita wa kupokezana zamu upande wa maji, kila mmoja nusu siku kwa wiki, kukaa kwenye mtumbwi na kuwaeleza wapitao. Simlipi mtu. Chai nitapika mimi.

Kijana aliyeandika ile barua namwomba awe wa kwanza, kwa sababu ana maneno mazuri na vijana wenzake watamsikiliza kuliko mimi. Aniulize sokoni Kadutu, safu ya samaki wakavu, kwa mama mwenye mwavuli wa kijani. Tunaondoka Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi. Aje na kofia, na asije na spika.

Muuza sambaza,
Kadutu, Bukavu